Fukuto la Dar es Salaam na Mzee Aliyeniita kwa Jina la Baba

Mtu anayetoka Dodoma akafika Dar es Salaam mwezi Februari hushangaa kuona nyuzi 33 za huku zikimchosha kuliko jua kali la kwao. Sababu ni unyevu wa bahari: jasho huupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi, na hewa iliyojaa unyevu hailikaushi upesi.

Miaka michache iliyopita tulikaribia kumpoteza baba mdogo, ambaye siku hiyo hakutoka nje kabisa. Alikuwa amejilaza mchana katika chumba chake Tandika, juu bati tupu lisilo na dari, umeme umekatika na feni imesimama. Mama mdogo alidhani ni uchovu, mpaka nilipomwamkia mzee akaniita kwa jina la baba yangu, aliyefariki zamani. Paji la uso lilikuwa kavu na la moto. Kuchanganyikiwa kwa namna hiyo hakusubiri kesho, kwani joto la mwili likipita nyuzi 40, ubongo na figo huanza kuumia. Tulimtoa barazani, tukamvua shati, tukamfunika kanga mbichi na kuendelea kuimwagia maji huku tukimpepea kwa ungo, hata ndani ya bajaji tulipokuwa tukienda hospitali. Hatukumnywesha chochote, maana asiye na fahamu kamili hupaliwa kwa urahisi.

Daktari aliuliza kwanza kuhusu dawa, na kumbe vidonge vyake vya presha vilikuwa vya kuongeza mkojo. Usiviache kwa uamuzi wako. Mwulize daktari kabla ya msimu wa joto, ambao hapa huwa Desemba hadi Machi. Mwenye maradhi ya moyo au figo aulize pia kiasi cha maji anachopaswa kunywa. Sisi wengine tunywe kabla ya kiu, tukiangalia mkojo, ambao ukiwa wa rangi nzito unadai maji zaidi. Aliyetoka jasho jingi kwa kazi za ujenzi au kubeba mizigo atafaidika na pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, iliyokorogwa katika lita 1 kamili, si kikombe kimoja kama wengi wafanyavyo.

Baba mdogo sasa hushinda chini ya mwembe wa jirani. Kila saa nane mchana mimi humpigia simu, nikamwuliza leo ni siku gani na amekula nini, kisha nikasikiliza anavyojibu.