Zamu ya Rafiki Huanza Siku ya Nne

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Ukifiwa na rafiki, si ndugu wa damu, unapataje utulivu, na shukrani utaitoa wapi?" Naamini wengi watajibu kwa subira na dua, na sina ubishi navyo. Ila subira ya mtu aliyekaa bure haifiki mbali. Mimi nitajibu upande wa kazi: rafiki afanye nini, lini, na ni wapi watu huharibu. Nazungumzia hapa Tanga, kwa taratibu zetu za msiba.

Tatizo la rafiki ni kwamba msiba haukumwekea nafasi. Mjane ana eda yake, miezi 4 na siku 10. Watoto wana mirathi. Kaka wa marehemu anakaa karibu na mlango, ndiye anayepewa makiwa. Rafiki wa miaka thelathini anakaa jamvini pamoja na mpita njia aliyeona turubai akaingia. Atakula wali, atasoma Fatiha, ataondoka. Kazini akiomba ruhusa ataulizwa "ni nani wako?" na jibu lake halitoshi. Nyumbani mkewe atamwacha siku mbili, ya tatu atamwuliza mbona bado amenuna. Basi asikae kungoja kufarijiwa. Ashike zile kazi ambazo ndugu hawaziwezi kwa sababu hawazijui, maana ziko kwake peke yake.

Siku ya kwanza usijitwishe mengi. Muislamu akifariki hospitali ya Bombo usiku, aghalabu kesho yake adhuhuri au alasiri yuko kaburini, kwa hiyo muda ni mfupi na wenye nguvu ni wengi. Yako ni simu. Familia ina namba za ukoo. Wewe ndiye unayewajua wenzake wa kazini, wa baraza la kahawa, wavuvi wa Sahare aliokuwa akinunua kwao samaki, fundi wake wa baiskeli. Wapigie. Usirushe tanzia kwenye makundi ya WhatsApp kabla nyumba haijatangaza, maana mtoto aliyeko Dar asijue kifo cha baba yake kwa kusoma "poleni" za watu. Ukiruhusiwa kutangaza, taja mambo matano: jina lake kamili pamoja na lile la mtaani, nyumba ya msiba, msikiti wa kumswalia, saa, na makaburi. La mwisho ndilo husahaulika, na watu hujikuta makaburi mengine wameshika majembe yao.

Kuosha maiti, kama ni wa jinsia yako na familia imeridhia, ni heshima kubwa ya mwisho, lakini si lazima iwe yako. Watu watatu au wanne wanatosha. Huoshwa witri, mara tatu au zaidi ikihitajika, kwa maji yenye majani ya mkunazi, na ya mwisho hutiwa karafuumaiti. Sanda ya mwanamume ni vipande 3, ya mwanamke 5. Sharti gumu ni la ulimi: kilichoonekana mle ndani kinabaki mle ndani. Ukijijua moyo mwepesi, chota maji uyapitishe mlangoni. Mtu akizimia katikati ya kazi, waosha wanakuwa na wagonjwa wawili, mmoja wao keshakufa.

Kwa Wakristo, rafiki anafaa zaidi kwenye wasifu wa marehemu. Unaandikwa usiku wa kuamkia mazishi na mpwa mwenye usingizi, miaka inakosewa, kazi aliyoifanya nusu ya umri wake inasahauliwa. Kaa naye hadi uishe.

Sasa siku ya nne. Siku tatu za mwanzo majirani huleta vyakula, watoto hawalali na njaa, hitima imesomwa, tanga limeanuliwa. Turubai limerudi kwa mwenyewe, majamvi yamekunjwa, masufuria ya shughuli yamesuguliwa na kurudishwa. Nyumba inatulia ghafla. Hapo ndipo zamu yako inapoanza, na kitu cha kwanza ni daftari.

Chora safu tatu. Ya kwanza: alichokuwa anakudai. Ya pili: ulichokuwa unamdai. Ya tatu: amana, vya kwake vilivyo kwako na vya kwako vilivyo kwake, hadi bomba la kujazia upepo baiskeli. Andika vyote, hata vya aibu. Deni lako kwake halikufa naye. Limehamia kwa warithi. Usimpe ndugu wa kwanza anayelia. Subiri kikao cha familia kimpendekeze msimamizi wa mirathi na mahakama imthibitishe, ambayo kwa familia nyingi ni Mahakama ya Mwanzo, halafu mkabidhi huyo, aandike na asaini. Kama nyumba ina shida ya chakula sasa hivi, toa chakula kwa mfuko wako, usikichanganye na deni.

Ulichokuwa unamdai unaweza kusamehe. Ukiamua hivyo, sema waziwazi mbele ya watu wawili wa nyumba ile, na iandikwe. Msamaha wa "tutaona bwana, msijali" ni mateso, kwa sababu mjane atakuwa anajificha akikuona unakuja. Na usipoweza kusamehe, dai bila haya. Madeni hulipwa baada ya gharama za mazishi, kabla ya wasia, na wasia wenyewe hauvuki theluthi, ndipo warithi wagawane. Kudai haki si uadui. Kudai kwa kunung'unika barazani ndio uadui.

Watakuja pia watu wa kukunong'oneza wewe rafiki kwamba marehemu alikuwa na laki mbili zao. Wapeleke kwa msimamizi na shahidi wao au karatasi yao. Usiwalipe kwa huruma, na usiwakatalie kwa hasira kana kwamba mali ni yako.

Namba ya siri ya simu yake huenda unaijua, maana mlikuwa mnatumana kwenda kutoa pesa. Usiiguse. Fedha iliyomo ni mirathi, hata kama unataka kuitumia kununulia sanda. Mwambie msimamizi ipo. Ataifuatilia kwenye kampuni ya simu kwa hati ya mahakama na cheti cha kifo. Cheti hicho hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, jambo ambalo wafiwa wengi hulikumbuka benki ikishawarudisha. Kumbusha mapema, ukiweza wasindikize.

Kwa wanawake, shoga wa marehemu ana hesabu nyeti kuliko zote: mchezo wa kupeana fedha kwa zamu. Tuseme mko kumi, kila wiki 20,000 kila mmoja. Mwenzenu amefariki baada ya wiki ya sita. Kama alishapokea zamu yake ya 200,000, anadaiwa wiki nne zilizobaki, yaani 80,000, na hilo ni deni la kupelekwa kwa msimamizi. Kama zamu yake ilikuwa bado, ametoa 120,000 na zinarudi kwa warithi wake zote. Kinachofanyika mara nyingi ni kijumbe, yule mkusanyaji wa fedha, kuzifunga zile 120,000 kwenye bahasha na kuzipeleka kama ubani wa kikundi. Huo ni wizi uliovaa kanga ya msiba. Ubani utoke mifukoni mwenu, zake zirudi kama zake.

Mtaniuliza utulivu uko wapi katika hesabu zote hizi. Kinachomtoa rafiki usingizini saa tisa za usiku, ukimchimba, si mauti yenyewe peke yake. Ni yale yaliyobaki nusu: deni lisilosemwa, ahadi ya kumtafutia kijana wake kazi, ugomvi wa mwezi uliopita juu ya timu za Coastal na African Sports ambao mliahirisha kuumaliza. Ya mali unayamaliza kwa daftari. Ahadi unaitimiza kwa huyo kijana. Ugomvi hauna pa kuupeleka, na hapo sina dawa ila kumwombea msamaha na kujiombea, na kumtafuta yule mwingine mliyekasirikiana ambaye bado yu hai.

Nije kwenye shukrani. Wageni wanapenda kumwambia mfiwa "mshukuru Mungu" siku ileile ya mazishi. Maneno ni ya kweli, wakati si wake; yanamfunga mtu mdomo kabla hajalia. Shukrani hukaa vizuri baada ya arobaini, na huja kwa vitu vidogo vilivyo dhahiri. "Alikuwa mtu wa watu" haikushiki mahali, kila marehemu anasemwa hivyo. Andika alichofanya, kimoja kimoja: alikuazima baiskeli yake wiki nzima ya mitihani, alikuwa akikusanya makapu ya machungwa kutoka Muheza na kuwagawia wazee wa mtaa, akicheza dhumna aligonga mara mbili kabla ya kuweka. Ukifika kumi utaona nyingine zinakuja zenyewe ukiwa sokoni.

Halafu zipeleke kwa watoto wake. Mtoto wa miaka saba anamjua baba wa nyumbani, aliyekuja na mkate akafoka juu ya daftari la hesabu. Yule aliyechekesha baraza zima hajawahi kumwona. Mpe kisa kimoja kwa safari moja. Weka na kasoro za kuchekesha, siri ziache. Mtoto akikataa kusikiliza, usilazimishe, rudi mwezi ujao.

Sauti zake kwenye WhatsApp ziko kwenye simu yako. Akaunti yake ikifungwa hazitakutoka, zitakutoka simu ikianguka majini kwenye kivuko cha Pangani. Zihamishie kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta, weka na tarehe. Na jiandae na jingine: laini isiyotumika hufungwa, namba ikauzwa kwa mtu mwingine, na siku moja jina la marehemu linatokea na picha ya kijana usiyemjua. Ukishahifadhi mazungumzo, badilisha jina la hiyo namba. Kushtuka huko hakuna faida.

Hitima ya marafiki ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Juzuu ni 30. Mkiwa kumi, kila mmoja tatu, na msomaji mwepesi humaliza juzuu moja kwa nusu saa hadi dakika 40. Kahawa na tende zinatosha, hakuna haja ya pilau wala mchango wa kuumizana. Wapo ndugu zetu wasioikubali hitima. Nyumba ikiwa ya mlengo huo, ombeni dua na toeni sadaka, hayo hayana mzozo. Sadaka nayo iwe inayodumu na inayowezekana: jagi na vikombe vya maji msikitini, misahafu kwa madrasa, mche wa mwembe kwenye uwanja wa shule. Mashindano ya kujengea kaburi siyaoni maana yake. Nendeni Tongoni, njia ya Pangani, mkayatazame makaburi ya mawe na nguzo zake tangu karne za Waswahili wa kale. Ujenzi ni wa fahari, na wengi waliolala pale hakuna awajuaye majina.

Barazani rudi mapema, ndani ya wiki mbili. Wengine huhama baraza kukwepa nafasi iliyo wazi, wakajikuta wamempoteza rafiki mmoja na wenzake sita kwa mpigo. Nafasi ile akae yeyote. Siku utakayocheka kwa mara ya kwanza utajiona msaliti, wala si kweli. Watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa mzima huenda na kurudi: saa hii yuko kwenye majonzi, saa ijayo yuko kwenye bei ya unga, na kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya. Zile "hatua tano za huzuni" zinazozungushwa kwenye simu, anza na kukataa umalize na kukubali, msizichukue kama ratiba. Elisabeth Kübler-Ross alizitoa mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wenyewe wanakufa. Ukijikuta "hatua ya pili" baada ya mwaka, hujafeli chochote.

Ila kuna mpaka. Shirika la Afya Duniani huhesabu huzuni kuwa maradhi pale inapomshika mtu kwa nguvu zaidi ya miezi 6, kupita desturi ya watu wake, hadi hawezi kazi wala familia. Na yapo yasiyosubiri hata wiki: kusema anataka kumfuata marehemu, kuacha kula, kulewa kila siku kwa mtu ambaye hakuwa mlevi. Huyo mshike mkono mwende Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, siku hiyohiyo, na usimwache alale peke yake. Kisomo kiendelee sambamba, hakimzuii daktari.

Mwisho, mjane. Rafiki wa kiume usijipeleke mwenyewe wakati wa eda. Mtume mkeo au dada yako, au pitia kwa kaka wa mjane, na bahasha ihesabiwe mbele ya mtu. Bahasha zenyewe huwa nyingi wiki ya kwanza kisha zinakauka. Mwezi ambao hakuna mtu anayeukumbuka ni Januari, shule zinapofunguliwa. Weka kengele kwenye simu yako tarehe 10 Desemba: uliza watoto wa marehemu wapo darasa la ngapi, sare zipi zimebana, na namba ya viatu ya kila mmoja. Pima unyayo kwa kuuchora kwenye karatasi, uongeze upana wa kidole kimoja, maana mtoto hukua. Nunua kabla ya Krismasi, kwani Januari viatu vyeusi hupanda bei na namba za kati huwa zimekwisha.

Msomaji wenu, Ngamiani, Tanga