Modeli ya nyumba inayofunguka kwenye simu ya mteja

Wateja wangu wengi hawana kompyuta yenye kadi ya picha ya maana. Wana simu ya laki mbili waliyonunua Kariakoo, bando la wiki, na hamu ya kuiona nyumba yao ya Kigamboni kabla fundi hajachimba msingi. Kijana akija kwangu kujifunza, simuulizi anatumia programu gani. Namuuliza kazi yake itaangaliwa kwenye nini. Akishajua hilo, uzito mwingi ataukwepa wakati anachora, badala ya kuhangaika kubana faili usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Modeli ya 3D ikiwa nzito, watu hukimbilia kupunguza pembetatu, vile vipande vidogo vinavyounganishwa kuunda kila umbo. Pembetatu nazo zina makosa yake, ila mara nyingi mzigo uko kwenye tekscha, zile picha tunazovalisha kuta, sakafu na bati. Piga hesabu mwenyewe. Picha ya pikseli 4096 kwa 4096, kila pikseli baiti 4, inakula MB 64 za kumbukumbu. Hata kama uliihifadhi kama JPEG ya MB 3, nafuu hiyo ni ya kupakua tu; simu ikitaka kuionyesha lazima iikunjue yote. Ishushe hadi 1024 kwa 1024, inabaki MB 4. Ukuta wa plasta uliopigwa rangi nyeupe hauhitaji hata hiyo, upe rangi tupu uendelee na kazi. Mradi ukiwa na tekscha nyingi zisizokwepeka, zihifadhi kwa KTX2, aina ya faili la picha, kwa sababu za aina hiyo hubaki zimebanwa hata zikishaingia kwenye kadi ya picha.

Sasa grili. Dar kila dirisha lina grili, na hapo ndipo vijana wanapomaliza pembetatu zote. Nondo ya milimita 12 inachorwa kama silinda ya pande 32, na itatazamwa kutoka getini! Pande 6 zinatosha. Ukishapata grili moja nzuri, inakili kwa Alt+D, siyo Shift+D. Blender, programu ninayochorea 3D, itatunza umbo moja na madirisha yote yatalitumia hilohilo, na ukitoa faili la glTF, lile la kumtumia mteja, umbo hilo linaandikwa mara moja tu, mradi hukuacha modifaya (amri ya kubadilisha umbo) juu yake. Banda la makuti nalo, tafadhali, usichonge jani mojamoja. Tabaka chache bapa zenye picha ya makuti na nomo mapu (picha inayodanganya jicho kwamba kuna mabonde na matuta) zinamridhisha yeyote. Masofa ya kupakua mtandaoni siyaamini kabisa: mengine yameshonwa hadi nyuzi.

Draco, teknolojia ya kubana maumbo ambayo Google iliitoa mwaka 2017, ni nzuri, ila ujue inafanya nini. Inakadiria mahali pa kila ncha ya pembetatu. Blender kwa kawaida huipa nafasi ya ncha biti 14, yaani hatua 16,384 kwa upande mrefu wa umbo. Kiwanja cha mita 100 kinapata hatua za milimita 6 hivi, hakuna atakayegundua. Lakini ukiunganisha nyumba na barabara ya kilomita nzima kuwa umbo moja, hatua inakuwa sentimita 6, na fremu za milango zinapinda kama zimelowa mvua. Nyumba iache peke yake, ardhi peke yake.

Animesheni Draco haiigusi. Geti la kuteleza linalofunguka kwa sekunde 5, kwa fremu 24 kila sekunde, hutoka na vituo (alama za mahali kitu kilipo kwa wakati fulani) kama 120 kwa sababu Blender husampuli kila fremu, yaani huandika kituo kwa kila moja. Zima usampuli, bakiza vituo viwili, mwanzo na mwisho. Mtu wa 3D mwenye mifupa ya kumwendesha anayetembea sebuleni ni habari nyingine, huyo muachie sampuli zake kisha ubane kwa meshopt, njia nyingine ya kubana inayoshughulikia hata mwendo.

Kabla ya kutuma naifungua kwenye simu dhaifu kuliko zote nilizonazo, kwa bando, siyo Wi-Fi ya ofisini. Ikikwamakwama ninapozungusha kwa kidole, narudi kwenye tekscha kwanza. Faili la .blend, lile la asili la Blender, linabaki kwangu likiwa zima, maana kilichokadiriwa na Draco hakirudi, na mteja huyohuyo kesho atataka picha ya bango la kusimamisha kiwanjani.