Usikariri fasili, tafuta swali lake

Insha yangu ya kwanza ya sosholojia ya elimu ilirudi na maneno mawili tu pembeni, kwa wino mwekundu: "Kwa hiyo?" Nilikuwa nimenukuu fasili ya ujamiishaji, yaani namna mtu anavyojifunza kuishi katika jamii yake, bila kukosea hata nukta, nikaongeza ya pili na ya tatu, nikadhani kazi imekwisha. Muhula ulikaribia kuisha ndipo nikaelewa nilichokuwa naulizwa. Ninyi mnaoanza sasa, naomba niwapunguzie safari.

Dhana huzaliwa pale mtu anapoona jambo linalomsumbua akakosa neno la kulishika. Wanasosholojia Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron, huko Ufaransa, walijiuliza kwa nini watoto wa matabaka ya juu wanaendelea kufaulu zaidi hata shule inapofungua milango kwa wote. Fedha peke yake haikutosha kueleza. Ndipo Bourdieu akaja na mtaji wa kitamaduni: lugha inayozungumzwa nyumbani, mazoea ya vitabu, namna ya kujieleza mbele ya mwalimu, mambo ambayo shule inayathamini bila kuyafundisha waziwazi. Ukilijua swali hilo, hutaandika tena kwamba mtaji wa kitamaduni ni "mila na desturi za jamii". Nimesahihisha majibu ya namna hiyo mara nyingi, na wala si uvivu. Neno utamaduni tumelijua tangu utotoni, basi tunaingia nalo darasani na maana yake ya mtaani.

Hapo ndipo penye mtego. Neno geni halina hatari kubwa. Anomia utaitafuta tu, kwa sababu hujawahi kuisikia. Yanayoangusha watu ni yale mepesi. Chukua uimarishaji hasi wa mwanasaikolojia B. F. Skinner. Wengi huandika kuwa ni adhabu, kwa kuwa "hasi" inasikika kama ubaya. Kwa Skinner, hasi maana yake ni kuondoa, na uimarishaji siku zote huongeza tabia. Mwalimu akisema wanaomaliza zoezi darasani hawatapewa kazi ya nyumbani, ameondoa jambo wasilolipenda. Wakizidi kumaliza mazoezi, huo ndio uimarishaji hasi. Akimnyima mapumziko anayepiga kelele, hapo pia ameondoa kitu, lakini kelele zikipungua, hiyo ni adhabu. Maswali ni mawili tu: kitu kimeongezwa au kimeondolewa? Tabia imezidi au imepungua? Ukikwama hapo, bado hujaielewa dhana, hata kama fasili yake unaitiririsha usingizini.

Mimi kila dhana huitafutia jirani anayefanana nayo, kisha natafuta mfano unaoingia nyumba moja na kukataa nyingine. Kuaminika (kipimo kutoa matokeo yaleyale kikirudiwa) na uhalali (kipimo kupima kile kilichokusudiwa), kwa mfano, huchanganywa kila mwaka. Tunga mtihani wa hesabu uliojaa maelezo marefu. Mwanafunzi anaweza kuufanya leo na wiki ijayo akapata alama zilezile, kwa hiyo unaaminika. Lakini yule anayesoma kwa shida ataonekana hajui hesabu, kumbe kilichomshinda ni kusoma. Uhalali wake una walakini. Mfano mmoja wa namna hiyo, ulioubuni mwenyewe, una thamani kuliko fasili nne za kunakili.

Kuhusu majina ya wanazuoni sitasema mengi, ila angalieni nani alisema nini. Wengi humbebesha mwanasaikolojia Vygotsky neno kiunzi, ule msaada ambao mwalimu anautoa kisha anaupunguza kadiri mtoto anavyoweza. Vygotsky alifariki 1934. Kiunzi kwa maana hiyo kiliingizwa na Wood, Bruner na Ross mwaka 1976. Wazo la Vygotsky la pengo kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akisaidiwa linakaribiana nacho sana, lakini kukaribiana si kuwa kitu kimoja.

Na ushahidi nao una mipaka yake, itajeni. Mwaka 1968 watafiti Rosenthal na Jacobson walichapisha utafiti ambamo walimu waliambiwa kuwa wanafunzi fulani wangechanua kiakili mwaka huo. Majina yalikuwa yameteuliwa kwa bahati nasibu. Watu huishia hapo na kutangaza kwamba matarajio ya mwalimu hubadilisha akili ya kila mtoto. Lakini ongezeko la alama za jaribio la akili lilionekana hasa katika madarasa mawili ya chini kabisa. Sentensi hiyo moja hubadilisha insha nzima, maana sasa una la kuuliza: kwa nini wadogo?

Kabla ya kuwasilisha kazi, mweleze dhana yako mtu asiyesoma kozi hiyo, na jina la dhana usilitaje. Mimi nilimweleza mdogo wangu mtaji wa kitamaduni kwa dakika kumi hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa kama shule inayataka hayo mambo, mbona haiwafundishi wote?" Insha yangu iliyofuata ilianzia kwenye swali lake.