Kwa unayeanza kazi ya modeli za umeme (hesabu za kompyuta za kupanga mitambo na mahitaji)

Siku za mwanzo utapewa faili la Excel lenye jumla ya umeme uliotumika mwaka mzima. Liweke kando kwanza. Omba takwimu za saa kwa saa, hata ikibidi uwasumbue watu wa chumba cha kuongozea gridi mpaka wachoke na wewe. Umeme wa saa mbili usiku na wa saa tisa usiku ni bidhaa mbili tofauti, ingawa unapita kwenye waya uleule.

Tazama Kenya. Jioni watu wakisharudi nyumbani, mahitaji yanapita megawati 2,000. Usiku wa manane yanashuka hadi karibu nusu, na ndipo upepo wa Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, unapovuma kwelikweli kwenye mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310. Mvuke wa Olkaria, unaotoka ardhini kwa joto la asili, nao haujui saa. Kisima cha jotoardhi hakifungwi na kufunguliwa kama bomba la maji. Basi kuna usiku mvuke unaachiwa hewani au upepo unazuiwa, ilhali jioni ileile mitambo ya mafuta ilikuwa ikinguruma. Modeli ya jumla ya mwaka haioni hayo. Itakuambia tu uongeze upepo.

Halafu soma mikataba. Inachosha, najua. Programu kama OSeMOSYS (ni ya bure, anza nayo) itapanga mitambo kwa gharama, ya bei nafuu ikitangulia. Lakini mikataba mingi ina malipo ya uwezo: mtambo ukiwa tayari unalipwa, uitwe usiitwe. Pesa hiyo haiamui nani awashwe saa hii, ila imo kwenye bili ya mwenye saluni.

Mitambo ile ya upepo ya Loiyangalani ilikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya kuupeleka umeme wake kwenye kituo cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikawashwa Septemba 2018, na wenye mitambo wakalipwa fidia kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Kwa hiyo kila mtambo unaouingiza kwenye modeli uingize na laini yake, kisha ichelewe mwaka mmoja kwa makusudi uone hesabu inavyogeuka.

Makisio ya mahitaji yanayopanda mfululizo bila kupumua, uliza yametoka ofisi gani. Mwaka 2013 Kenya ilitangaza kuongeza megawati 5,000 kwa miezi 40. Miaka kumi baadaye kilele cha matumizi kilikuwa bado hakijafika nusu ya hizo.

Zoezi zuri la kuanzia ni bei za usiku. Tangu Desemba 2017 viwanda vya Kenya vinavyotimiza masharti hupata umeme kwa bei nafuu usiku. Chukua kinu kimoja cha kusaga saruji, kitoe saa moja jioni ukipeleke saa sita usiku, kisha linganisha akiba hiyo na gharama ya kujenga mtambo mpya wa mafuta.