Mwalimu, mwanangu aanze shule lini?

Ikifika miezi ya kuandikisha watoto, swali kubwa kwenye barua zenu ni umri. Leo najibu matano.

Mwanangu ana miaka 4 na miezi 8, anazijua herufi zote na anahesabu hadi 50. Shule moja ya binafsi iko tayari kumpokea darasa la kwanza. Nimpeleke? – Mama, Kibaha

Hapana, mama. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inataka mtoto aanze darasa la kwanza na miaka 6, baada ya mwaka mmoja wa awali. Lakini sera tuiweke kando kidogo. Mpe penseli, halafu tazama mkono wake, usitazame daftari. Wengi wa umri huo huikamata kwa ngumi, mkono mzima unatembea kuanzia begani, ulimi nje, na akifika mstari wa tatu karatasi imetoboka. Si uzembe. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono bado haijakomaa.

Tena kuimba herufi sebuleni si sawa na kukaa na wenzake sabini, kungoja zamu, na kusema "naomba kwenda chooni" kabla mambo hayajaharibika. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Yule mdogo kuliko wote ndiye anayeitwa mzito, au mtukutu, kumbe amezidiwa umri kwa mwaka mzima na jirani yake wa dawati. Jina hilo likishamganda, kulibandua ni kazi.

Sisi tulipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa tuguse sikio la upande wa pili. Kulikuwa na maana yoyote? – Babu, Korogwe

Shikamoo, babu. Ilikuwapo. Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa, mikono mifupi. Akikaribia miaka 6 au 7 ndipo vidole vinafika. Na vyeti vya kuzaliwa wengi hawakuwa navyo, sasa mwalimu afanyeje? Ubaya ni kwamba ulipimwa mwili, si umri. Aliyedumaa kwa lishe duni alirudi kuchunga mbuzi hata kama ana miaka 9. Mimi nilirudishwa mara moja. Mwaka uliofuata niliinamisha kichwa kidogo, mwalimu akajifanya hakuona.

Tunaishi Finland. Binti yetu ana miaka 6 na hajaanza darasa la kwanza. Bibi yake Tanga kila akipiga simu analalamika kwamba tunamchelewesha. – Baba, Tampere

Mwambie bibi huko ndiyo utaratibu: darasa la kwanza huanza mwaka mtoto anapotimiza miaka 7. Kabla yake kuna mwaka wa awali, nao ni wa lazima, ila mwingi ni michezo. Bibi akitaka kutulia, mtoto amsimulie kwa simu alichofanya siku hiyo. Mtoto anayeweza kusimulia jambo kuanzia mwanzo hadi mwisho yuko njiani vizuri.

Nimpeleke bweni akiwa darasa la pili? – Mama, Mwanza

Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2023 ulizuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Nami naunga mkono. Wa miaka 7 bado anahitaji mtu wa kumkagua masikio akitoka kuoga.

Nalea mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka 10, hajawahi kukanyaga shule. Nimwandikishe na wa miaka 6? – Mjomba, Singida

Pole kwa msiba, mjomba. Ulizia kwanza MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Shule nyingine za msingi zina darasa lake. Huko atakaa na wa rika lake, afundishwe KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa mkato kisha aingizwe mfumo wa kawaida. Nenda naye mwenyewe kwa mwalimu mkuu, na umri wake usiupunguze hata kidogo ili apokelewe.