Kabla ya kuongeza springi, peleka gari kwenye mizani

Msomaji mmoja wa Mbeya amenitumia picha ya pikapu yake, Land Cruiser mkonga, nyuma imekaa chini utadhani kuna tembo amepanda. Ameandika: "Kaka shikamoo. Fundi ananiambia niongeze majani mawili ya springi. Unanishaurije?" Majani ni vile vyuma bapa vinavyopangwa kubeba uzito wa gari juu ya ekseli. Nikamuuliza gari lina uzito gani likiwa limepakia. Akajibu, "Mzigo wa kawaida tu, kaka."

Huo mzigo wa kawaida ndio unaotumaliza. Sisi wenye magari ya porini tunajua bei ya kila taa, kila bampa na kila tairi, ila ukimuuliza mtu gari lake lina kilo ngapi anaanza kucheka. Na hakuna wa kutusimamisha atuambie. Mizani za barabarani hapa Tanzania zinahusika na magari yanayozidi tani 3.5, kwa hiyo pikapu zetu zinapita pembeni huku malori yakipanga foleni.

Mimi napeleka vifaa vya kambi za watalii: mahema, magodoro, mitungi ya gesi, chakula. Natoka Arusha, naenda Ndutu au Ziwa Natron. Gari langu ni HZJ79, nayo ni pikapu ya Land Cruiser, injini 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo. Injini hiyo utaiachia wajukuu, lakini nguvu zake ni kama farasi 130 tu, na kila kilo uliyopakia bila sababu utaisikia siku unapanda ukuta wa Bonde la Ufa na gia ya pili.

Kilichonifanya nianze kupunguza uzito ni keria ya juu ya paa. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kupita Selela hadi Engaruka ina mawimbi ya udongo ambayo ukiyaendea vibaya yanakutoa meno. Nikawa nasikia mlio juu ya kichwa, tik, tik, nikadhani dumu limelegea kamba. Kusimama, kupanda juu, nakuta mguu wa nyuma wa keria umekatika kando kabisa ya weldi, chuma kinang'aa pale kilipokatikia, na ile ncha imeshaanza kutoboa mfereji wa paa. Weldi yenyewe haikuwa na tatizo, fundi aliifunga vizuri. Kule juu kulikuwa na tairi mbili za spea, madumu manne ya dizeli na turubai lililolowa. Kitu chochote kingekatika.

Niliporudi mjini nikaenda kwenye ghala la mahindi lenye mizani ya magari, nikaomba wanipimie. Gharama yake haifiki hata bei ya chakula cha mchana. Panda na magurudumu ya mbele peke yake, soma. Panda gari zima, soma. Kisha malizia na magurudumu ya nyuma. Halafu linganisha na kile kibati cha kiwandani kinachosema uzito wa mwisho wa gari na wa kila ekseli. Langu lilikuwa limezidi nyuma, wakati mbele kulikuwa na nafasi. Ndiyo maana usukani ulikuwa mwepesi kwenye mchanga na nilikuwa najisifu kwamba gari "limelainika".

Baada ya hapo nikashusha kila kitu uani, nikachukua mizani ndogo ya kupimia watu. Unasimama umeshika kitu, unatoa uzito wako. Mama watoto akatoka jikoni, akatazama lile rundo, akauliza, "Baba, tumeingia kwenye biashara ya chuma chakavu?" Hakuwa mbali na ukweli. Keria peke yake kilo 72, mabomba ya pembe nne ya unene wa kujengea geti. Bampa ya mbele niliyochongesha mtaani kilo 64, ya nyuma 43. Sanduku la jikoni la mninga kilo 47 likiwa tupu, yaani halijaingia hata kijiko. Boksi la spana kilo 52, na ndani yake nikakuta spana za lori nililouza zamani. Jeki ndefu ya hailifti kilo 13, ambayo bampa yangu haikuwa hata na mahali pa kuishikia.

Keria ikaondoka yote. Bampa ya mbele nikachongesha upya kwa plati nyembamba na bomba moja, ikatoka kilo 31, na ya nyuma nikaiuza. Sanduku la mninga liko sebuleni, linapendeza, na mahali pake kuna maboksi mawili ya plastiki. Winchi, ile mashine ya kujivuta ukikwama, niliibakiza, ila waya wa chuma nikabadilisha kwa kamba ya sintetiki. Zimepungua kilo kama 8 pale pale kwenye pua ya gari, na viganja havichomwi tena na nyuzi za chuma.

Lakini chuma si kila kitu. Kikubwa zaidi ni vimiminika, na hivi watu hawataki kuvisikia. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna ujanja hapo. Lita 100 za dizeli ni kilo 84 hivi. Nilikuwa najaza madumu Arusha na kuyabeba kwenye lami yote hadi Mto wa Mbu, ambako vituo vya mafuta vipo na maji yapo. Nilikuwa nabeba maji kuyapeleka Mto wa Mbu! Siku hizi nachukua Arusha ya kunywa njiani tu, mengine napata mbele. Na kabla ya kuondoka nahesabu kilomita, naongeza akiba ya siku mbaya, basi.

Sasa springi. Springi ngumu inainua nyuma ya gari, picha inapendeza, lakini ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, breki ni zile zile, na chesisi ni ile ile. Ulichoongeza ni uwezo wa kutoliona tatizo. Gari likiwa tupu litakurusha mpaka mgongo uume, na likiwa limejaa ule mshtuko uliokuwa unamezwa na springi utaingia kwenye chesisi. Ongeza springi pale tu ambapo umepima, umepunguza, na kazi yako bado inadai mzigo ulio ndani ya kiwango cha kibati. Mimi nilipomaliza kupunguza nilitoa jani moja.

Kuna kampuni moja ya safari, siitaji, ilininyima kazi ya msimu mzima kwa sababu ya gari hili. Bwana aliyelikagua alilizunguka mara mbili, akasema, "Mzee, hili mbona kama la kubebea mchicha? Wageni wanataka gari lenye sura ya porini." Nilikuwa nimeshanunua mahema kwa ajili ya kazi hiyo. Iliniuma, na nikisema imeisha nitakuwa nawadanganya. Masika yaliyofuata nikalikuta gari lao kwenye korongo kabla ya kufika Ngare Sero, kijiji cha karibu na Ziwa Natron. Lina keria, ngazi, madumu, hailifti, taa kama za uwanja wa mpira. Limezama mpaka ekseli, vijana wanashusha mzigo kipande kimoja kimoja kwenye matope. Nilipunguza upepo kwenye tairi, nikavuka, nikarudi na kamba kuwavuta. Dereva wao alinishukuru sana, kijana mwenye adabu. Sikusema neno siku ile. Leo nimesema.

Ndugu zangu, tunapakia magari ili majirani waone. Dumu la chuma jekundu lililofungwa nyuma, halijawahi kutiwa mafuta, linatembea Sinza hadi Mlimani City. Huyo anayekushangilia kwenye mataa hatakuwepo utakapokuwa umelala chini ya gari na koleo. Watazame wanaoshindana kweli. Rhino Charge ya Kenya, yale mashindano ya magari ya porini yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, mshindi si mwenye kasi. Ni anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wote, kwa hiyo wanakata mabonde na mawe moja kwa moja. Magari mengi ya kule yamevuliwa kila kisichohitajika. Hakuna anayekuja na ngazi ya mapambo.

Ila usiende nalo hadi ukapitiliza. Kinga ya chini ya injini isiguswe, na vifaa vya huduma ya kwanza visiguswe. Rimu za chuma nimeziacha, ingawa za alumini zingeweza kuwa nyepesi, kwa sababu rimu ya chuma ikipinda fundi yeyote wa kijijini ataigonga kwa nyundo hadi ikae sawa. Betri ya lithiamu ya friji naitamani, uzito wake ni kama nusu ya ile ya kawaida ya risasi, lakini bei yake bado haijaniruhusu.

Na spea ya pili nayo inabaki, kilo 38 zote. Wenzangu wananikosoa kwamba nahubiri nisichokitenda. Mawe ya volkano karibu na Oldoinyo Lengai yanachana ubavu wa tairi, na ubavu ukichanika kiraka hakisaidii. Nimeishusha tu kutoka juu. Sasa inalala kwenye sakafu ya bodi, imebanwa na bolti nyuma ya kabini, mbele ya ekseli ya nyuma.