Maswali ya Wasomaji: Marka wa Zamani Ajibu

Toleo lililopita nilidokeza kwa mstari mmoja tu kwamba kazi yangu ya kwanza, mwaka 1961 nikiwa na miaka 13, ilikuwa kuokota mipira ya snuka, ule mchezo wa kutumbukiza mipira kwa fimbo juu ya meza, katika klabu moja ya Nairobi. Nilidhani hakuna atakayejali. Barua zimemiminika kuliko nilipoandika juu ya bei ya nazi. Hizi hapa tano.

*Shikamoo Mzee. Marehemu baba alikuwa akisema alifanya kazi ya "marka" katika klabu ya Wahindi, Nairobi, kabla ya Uhuru. Tukimuuliza kazi yenyewe ni ipi, alicheka tu. Marka ni nani? (Binti wa marka, Changamwe)*

Marahaba, mwanangu. Alicheka kwa sababu kazi ile haielezeki kwa neno moja. Kwenye daftari la mishahara, marka ni mtu wa kuhesabu pointi. Ukutani palikuwa na ubao wenye vishale vya shaba. Mchezaji akitumbukiza mpira, wewe unasukuma kishale chake. Hilo hata mtoto angeliweza.

Kazi hasa ilikuwa meza. Usiifananishe na hizi meza ndogo za baa. Meza ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na chini ya kile kitambaa cha kijani kuna mabamba matano ya mawe yaliyounganishwa kwa ustadi hata usiuone mshono. Kitambaa ni cha sufu, kina malaika kama ya mkononi, na malaika yale hulala kuelekea upande wa mpira mweusi. Basi kila mchana, kabla memba hajafika, unapiga brashi kuelekea huko, kisha unapiga pasi kuelekea huko huko. Pasi yetu ilipashwa jikoni. Uliijaribu kwanza juu ya gazeti kuukuu: karatasi ikibadilika rangi, subiri. Na ole wako uirudishe pasi nyuma hata shibiri moja! Jioni mipira inapinda njia, na memba aliyeshindwa halaumu mkono wake.

Juu ya hayo ulitunza ufunguo wa kabati la fimbo, ukarudisha mipira ya rangi mahali pake, ukampa mchezaji ile fimbo ya kuegemeza tunayoiita buibui, ukaandika chiti za vinywaji zitiwe sahihi, na ukafunga mdomo.

Halafu ilikuwapo kazi ambayo haikuandikwa popote. Memba akiwahi na hana mwenzake, alikuita: "Njoo boi, tupige moja." Sasa fikiria mwenyewe. Memba anacheza Jumatano na Jumamosi. Wewe unacheza na kila anayewahi, siku sita kwa wiki, na asubuhi meza ni yako peke yako. Nani atakuwa hodari? Ila ilikubidi ujue kushindwa. Kumfunga memba mara moja kuliitwa bahati. Mara ya pili kuliitwa utovu wa adabu, na mimi niliwahi kukatwa mshahara wa siku tatu kwa kosa hilo. Klabu yenyewe siitaji, waliohusika wameshatangulia.

Nairobi ya wakati huo kila watu na klabu yao. Wazungu walikuwa na Nairobi Club na Muthaiga. Masingasinga, Sikh Union. Waislamu wa Kihindi, Sir Ali. Wagoa peke yao waligawanyika mara tatu: wakubwa Goan Gymkhana, makarani Goan Institute, na mafundi cherehani wakawa na chama chao. United Kenya Club, iliyoanza 1946, ndiyo iliyokusanya rangi zote. Kwingine mtu mweusi alipita kwa mlango wa jikoni, na kwa mlango huo baba yako huenda aliingia klabu nyingi kuliko memba yeyote.

*Babu yangu, karani wa Reli, alidai alipiga 147 mwaka 1952. Wajomba wanabishana kila Krismasi. Tuamulie. (Mjukuu, Kisumu)*

Hizo 147 kwa kawaida ndizo pointi nyingi kabisa ambazo mtu hupata kwa zamu moja mezani. Tupige hesabu. Mipira myekundu ni 15, kila mmoja pointi 1. Baada ya kila mwekundu unapiga wa rangi, na mweusi ndio wenye pointi nyingi, 7. Kwa hiyo 15 za nyekundu na 105 za mweusi, jumla 120. Kisha zile rangi sita kwa zamu, kuanzia manjano yenye 2 hadi mweusi wenye 7, zinatoa 27. Ndiyo 147, bila kukosa hata mara moja, mipigo 36 mfululizo.

Joe Davis, bingwa wa dunia tangu 1927 asiyefungwa hata mara moja katika mashindano hayo mpaka alipojiuzulu 1946, alipiga 147 yake ya kwanza iliyotambuliwa rasmi mwezi Januari 1955, pale Leicester Square Hall, London. Babu yako basi alimtangulia Joe Davis kwa miaka mitatu, tena baada ya kutoka ofisini kuandika stakabadhi za mizigo.

Mimi katika miaka yangu yote ya ubaoni, mfululizo mkubwa niliouandika kwa mkono huu ulikuwa 74, na mpigaji akanunulia chumba kizima vinywaji. Waambie wajomba ilikuwa 47. Arobaini na saba ni kazi ya mwanamume, na babu atalala salama.

*Ni kweli mipira hiyo ilitengenezwa kwa pembe za ndovu kutoka huku kwetu? (Msomaji, Unguja)*

Ya biliadi, kabla ya snuka kuenea, ndiyo. Karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pembe, na pembe laini ya Afrika Mashariki ilipendwa sana kwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Mpira ulichongwa katikati kabisa ya pembe ili ule mshipa wa ndani upite kwenye kiini, la sivyo ungeyumba. Pembe nzima ilitoa mipira michache tu, nayo hali ya hewa ikibadilika ilipasuka. Snuka, mchezo waliouanzisha maofisa wa Kiingereza huko Jabalpur, India, mwaka 1875, unataka mipira 22. Haba na haba ndovu wangekwisha. Sisi tuliikuta ya plastiki ngumu. Ya pembe niliiona mmoja tu, umepasuka, umegeuka njano kama jino la mzee, memba mmoja akiutumia kuzuia karatasi zisipeperuke.

*Mzee, vijana tunacheza puli hapa Eldoret. Kama mlikuwa hodari hivyo, mbona hamkutoa bingwa wa dunia? (Mpiga puli, Eldoret)*

Swali la kichokozi, nalo nalipenda.

Nitakupeleka Tredegar, mji wa wachimba makaa ya mawe huko Wales. Wachimbaji wa sehemu zile walikatwa senti kidogo kwenye mishahara yao wakajenga kumbi zao wenyewe: maktaba upande huu, meza za biliadi upande ule. Tredegar walikulia vijana wawili mahasimu, Ray Reardon na Cliff Wilson. Reardon alichimba makaa, akawa polisi, kisha akachukua ubingwa wa dunia wa wanaolipwa mara sita kati ya 1970 na 1978. Wilson ndiye ninayempenda mimi. Alipiga haraka kama anayekimbiza basi. Akaingia kiwanda cha chuma, akaacha mchezo miaka mingi, macho nayo yakamsumbua. Akarudi mtu mzima, mnene, mwenye miwani, na mwaka 1978 huko Malta akawa bingwa wa dunia wa wachezaji wa ridhaa.

Umeona tofauti? Kule mfanyakazi alikuwa na kadi ya uanachama. Sisi tulikuwa na ufunguo wa kabati. Bila kadi huingii ligi, jina lako haliandikwi kwa rangi ya dhahabu kwenye mbao za ukutani, wala hupelekwi popote. Mimi kadi nilipewa 1974. Nilikuwa na miaka 26, watoto wawili, na kazi bandarini Mombasa. Nikaikunja nikaitia mfukoni.

Wewe wa Eldoret humwombi mtu kadi. Basi acha kupiga kwa nguvu. Hata huku Mombasa nawasikia mkipiga.

*Mzee, mimi ni mtoto wa Pangani, Nairobi. Tulihama 1968, sasa niko Leicester, Uingereza, na Kiswahili changu kimeshika kutu, nisamehe. Utotoni nilichungulia dirisha la klabu nikamwona mtu mfupi, fundi cherehani, aliyepiga mpira akiwa amesimama kwa ncha ya mguu mmoja. Ulimjua? (Msomaji, Leicester)*

Kiswahili chako kizima, bwana. Na yule mtu nilimjua kuliko nilivyomjua baba yangu mzazi.

Buibui hakuutaka kabisa. Alisema fimbo ya kuegemeza ni ya wagonjwa. Kwa hiyo mpira ukiwa mbali alijinyoosha juu ya meza, mguu mmoja hewani, mwingine ukigusa sakafu kwa kidole gumba tu, kwani sheria inataka mguu mmoja uguse chini. Nilikuwa nikiinama kukagua, naye ananiuliza kwa upole, "Unaona hewa?" Sikuwahi kuiona.

Alikuja baada ya saa tatu usiku, wakubwa wakishaondoka, vipande vya uzi bado vimeng'ang'ania suruali. Saa tano nafunga mlango kwa ndani, tunazima taa zote isipokuwa za juu ya meza, tunacheza. Mwanzo alinitangulizia pointi 30. Mwaka 1965 zikawa 14. Mwaka 1966 akasema, "Leo sawa kwa sawa," akanifunga michezo mitatu. Sikulala kwa furaha. Hakuna mwingine pale aliyecheza nami bila kunitaka nishindwe kwa makusudi.

Februari 1968 unaikumbuka mwenyewe. Sheria ya Kenya ya 1967 ilikuwa imewataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na London ikatangaza kuwafungia mlango Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza. Sheria yao ikaanza tarehe 1 Machi. Uwanja wa ndege wa Embakasi ulijaa masanduku. Usiku wa mwisho hakucheza. Alikuja na fimbo yake ndani ya mkebe wa bati, akaniambia bei ni shilingi 40. Zawadi hakutaka kutoa. Alijua ningeona haya kuipokea. Nilikuwa na 25. Akazihesabu, akaandika anwani ya nduguye wa Uingereza nyuma ya chiti ya klabu, akasema, "Zilizobaki utatuma."

Chiti ile niliitia mfuko wa shati, na shati likafuliwa.

Fimbo ninayo hadi leo. Nimeibadilisha ngozi ya ncha mara nyingi. Ukiulizia hapo Leicester, uliza fundi mfupi asiyetumia buibui, au watoto wake. Nadaiwa shilingi 15, nazo ni za 1968. Waniletee hesabu, nitaikubali.